Masazo ya vitenge: njia gani ya kukata na kushona inafaa kwa blanketi ya vipande?

Kila mwaka, kabla ya tarehe 8 Machi na tena kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, ma-atelie ya kushona huko Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira yanajaa kazi. Nguo zikiisha, chini ya mashini kunabaki rundo la masazo: mapande ya mikono, pembe za sketi, mikanda membamba ya pembeni. Fasi nyingi masazo hayo yanatupwa ao yanawashia moto. Lakini ni pamba nzuri, na kuko wamama wanaoyashona kuwa blanketi za watoto, vifuniko vya kitanda na mito.

Shida inakuja wakati wa kuuza. Mteja anaona blanketi ya masazo, anafikiri haikugharimu kitu, anataka bei ya chini. Mshonaji naye amekaa siku tatu ju ya mashini. Kitambaa hakikumgharimu, ni kweli, lakini siku zake tatu ziligharimu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: namna gani kazi ile ile ifanyike kwa muda mdogo, bila kuharibu kitambaa na bila kushona ovyo? Jibu linategemea kitu kimoja: rundo lenyewe liko namna gani.

Kupanga rundo kabla ya kushika makasi

Washonaji wengi wanaanza kukata mara moja. Wanavuta pande la kwanza, wanakata, wanavuta la pili. Hapo ndipo muda unaanza kupotea. Inafaa kupanga rundo kwanza katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vitambaa virefu, vinavyofika metre moja ao karibu yake. La pili ni mapande ya kadiri, yale yanayotosha kutoa karo moja ao mbili za sentimetre 12. La tatu ni mikanda membamba, mirefu lakini bila upana. La nne ni mabaki yasiyo na umbo: pembetatu, vipande vya shingo, vya makwapa. Kila fungu liko na njia yake, kama itakavyoonekana chini.

Wakati wa kupanga, vitambaa vinavyovutika viwekwe mbali. Kitambaa kinachovutika kikishonwa pamoja na kitenge cha pamba, bloki inajikunja na haitalala tena. Vitenge vipya navyo vifuliwe kwanza, hasa vyekundu na vya buluu nzito. Kuko njia rahisi ya kupima: kuloweka kipande ndani ya maji pamoja na kitambaa cheupe. Kama cheupe kimeshika rangi, kitenge kile kifuliwe tena mpaka maji yawe safi. Blanketi ya mtoto itafuliwa mara nyingi, na rangi inayotoka siku ya kwanza itaharibu kazi yote.

Jambo lingine ni mapatano. Masazo ni ya mteja aliyeleta kitenge. Wengine wanataka warudishiwe, wengine hawajali. Kuuliza siku ya kupokea kazi kunaepusha maneno baadaye.

Hesabu ya mshono: kipande kidogo kinakula kitambaa

Kila upande wa kipande unaacha kitambaa ndani ya mshono. Kwa kitenge, mshono wa sentimetre 1 unafaa, sababu kitambaa kinachofumuka hakitatoka haraka. Maana yake, ili karo ionekane na sentimetre 10, lazima ikatwe kwa sentimetre 12.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo wengi hawaliangalii. Karo ya 12 kwa 12 ni sentimetre za mraba 144, na zinazoonekana ni 100. Karibu theluthi moja inaingia ndani ya mshono. Lakini karo iliyokatwa kwa sentimetre 6 inaonyesha 4 tu: kwa sentimetre za mraba 36, zinazoonekana ni 16. Zaidi ya nusu ya kitambaa imefichwa.

Na si kitambaa tu. Blanketi ya mtoto ya sentimetre 90 kwa 90 inaomba karo 81 zikikatwa kwa 12. Zikikatwa kwa 6, zinaombwa zaidi ya 500. Vipande vidogo sana ni vizuri kwa macho, lakini vinamaliza masazo na siku za mshonaji. Anayeuza afadhali achague kipimo kikubwa kadiri rundo linavyoruhusu.

Makosa madogo nayo yanajumlishana. Mstari wa karo 9 uko na mishono 8. Mshonaji akipitisha mshono kwa milimetre 2 zaidi, kila mshono unakula milimetre 4, sababu kosa linaingia pande zote mbili. Mara 8 ni milimetre 32. Mstari mmoja utapungua sentimetre 3 na zaidi, na hautakutana na mwenzake. Dawa yake ni alama: kubandika karatasi ya gundi ju ya sahani ya mashini, sentimetre 1 kutoka shindano, na kupitisha ukingo wa kitambaa kando yake kila mara.

Vitambaa virefu: shona kwanza, kata baadaye

Kwa fungu la kwanza, njia ya haraka ni ya mikanda. Mshonaji hakati karo moja moja. Anakata mikanda mirefu, anaishona pamoja, alafu anakata mikanda iliyokwisha kushonwa.

Njia hii haikuanza leo. Katika jimbo la Florida, Marekani, wamama wa kabila la Seminole, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, waliikuza mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuwa wamepata mashini za kushona. Walishona mikanda ya rangi, wakaikata, wakaipanga upya ndani ya nguo zao. Baadaye, mwaka 1979, kampuni ya Japani, Olfa, ilitoa kisu cha gurudumu cha kukatia kitambaa, na njia ya mikanda ikaenea zaidi. Lakini kisu hicho si lazima.

Mfano ni bloki ya karo tisa, tatu kwa tatu, rangi nzito na rangi nyepesi zikipishana. Kitenge cha upana wa kama sentimetre 115, kikitolewa ukingo wenye maandishi, kinatoa mkanda wa kukatika mara 9 kwa sentimetre 12. Mshonaji anatayarisha mikanda 5 ya rangi nzito na 4 ya rangi nyepesi, yote kwa upana wa sentimetre 12. Hiyo ni sentimetre 60 za kitambaa kizito na 48 za kitambaa chepesi.

Alafu anashona mafungu matatu ya mikanda mitatu mitatu. Mawili yanapangwa nzito, nyepesi, nzito. Moja linapangwa nyepesi, nzito, nyepesi. Kila fungu linapigwa pasi na kukatwa kila sentimetre 12, upande unaokata mishono. Yanatoka mapande 18 ya namna ya kwanza na 9 ya namna ya pili. Kila bloki inatumia mawili ya kwanza na moja la pili katikati. Jumla ni bloki 9 za sentimetre 30, na hiyo ni blanketi nzima ya 90 kwa 90.

Kwa njia ya karo moja moja, kila bloki iko na mishono 8, na bloki 9 ziko na mishono 72. Kwa mikanda, kuko mishono mirefu 6 na ya kuunganisha 18. Jumla 24.

Lakini mshonaji asidanganyike. Metre za mshono ni karibu sawa kwa njia zote mbili. Mashini inatembea mwendo ule ule. Kilichookolewa ni kuanza na kusimama: kuweka kipande chini ya mguu wa mashini, kushona kidogo, kuinua, kukata uzi, kuchukua kingine. Mara 54 za namna hiyo zimekuwa 6. Tena badala ya kupima na kukata karo 81, mshonaji anapima mikanda 9 na mikato 27.

Kuchana badala ya kukata

Mikanda inaomba kunyooka, na makasi ya kawaida yanapinda kwenye kitambaa kirefu. Kitenge cha pamba kinasaidia hapa, sababu kinachanika kwa kufuata uzi wake. Mshonaji anatia alama kila sentimetre 12, anakata kidogo pembeni, anachana kwa nguvu moja. Mkanda unatoka umenyooka kuliko wa makasi.

Kingo zilizochanwa zinajikunja kidogo na kutoa nyuzi. Zipigwe pasi kabla ya kushona. Na kama michoro ya kitenge haikupigwa sawasawa na uzi, itaonekana imeinama kidogo ju ya mkanda. Kwa maua makubwa haisumbui, kwa mistari iliyonyooka inasumbua. Hapo makasi na rula vinafaa zaidi.

Mapande ya kadiri: karitoni na kushona bila kukata uzi

Ma-atelie mengi hayana vitambaa virefu vya kubaki. Fungu kubwa ni la pili, na kulilazimisha kwa njia ya mikanda hakufai. Mshonaji atajikuta anaunganisha vipande vifupi ili apate mkanda, kisha anaukata tena: kazi mara mbili. Vibaya zaidi ni yule anayenunua kitenge kipya ili tu apate mikanda mirefu. Faida ya masazo imekwisha hapo.

Kwa fungu hili, kifaa ni karitoni ngumu iliyokatwa sawasawa, sentimetre 12 kwa 12. Karitoni moja itumike kwa kazi yote, na ikichakaa pembe, nyingine ikatwe kwa kufuata ile ya kwanza, si kwa kufuata karo ya kitambaa. Vitambaa vinaweza kukatwa kwa pamoja, viwili mpaka vinne, vikishikwa kwa pini. Zaidi ya vinne, vya chini vinateleza na kutoka vidogo ao vikubwa.

Alafu mshonaji anapanga karo mbili mbili na kuzishona kwa mfululizo. Akimaliza jozi ya kwanza, hainui mguu wa mashini wala hakati uzi. Anasukuma jozi ya pili, ya tatu, ya kumi. Zinatoka nyuma zimefungamana kama vichwa vya samaki kwenye kamba. Mwishoni anakata nyuzi zote mara moja.

Faida ni ile ile ya mikanda: kuanza na kusimama kumepungua, hata kama kila karo iko na rangi yake. Uzi pia unabaki. Kama kila mshono unapoteza sentimetre 10 za uzi kwa kukatwa, mishono 54 inapoteza zaidi ya metre 5, na huo ni uzi wa juu peke yake.

Pembetatu: mbili kwa mshono mmoja

Michoro mingi ya nyota na mishale inajengwa na karo zilizogawanywa kwa pembetatu mbili za rangi tofauti. Kukata pembetatu moja moja ni hatari. Upande wake mrefu unakatwa kwa kupinda uzi wa kitambaa, kwa hiyo unavutika mikononi, na karo inatoka imepinda.

Njia nzuri ni kuanza na karo mbili nzima, nzito na nyepesi, za sentimetre 13 na nusu. Zinawekwa uso kwa uso. Mstari unapigwa kwa chaki kutoka pembe mpaka pembe. Mshonaji anashona sentimetre 1 kila upande wa mstari, alafu anakata ju ya mstari wenyewe. Zinatoka karo mbili zilizokwisha kushonwa. Zinafunguliwa, zinapigwa pasi, zinapunguzwa mpaka 12 kamili. Upande wenye kuvutika haukushikwa hata mara moja kabla ya kushonwa.

Mwenye vitambaa vikubwa anaweza kuanza na karo mbili za sentimetre 27. Anapiga mistari miwili ya msalaba kutoka pembe mpaka pembe, anashona pande zote mbili za kila mstari, kisha anakata ju ya mistari hiyo na pia katikati, wima na ulalo. Zinatoka karo 8 kwa mara moja.

Mikanda membamba: kuzunguka kitovu

Fungu la tatu halitoi karo. Lakini linafaa kwa bloki ya kuzunguka: karo ndogo inakaa katikati, na mikanda inashonwa kando yake, upande mmoja mmoja, kama mtu anayejenga ukuta wa nyumba. Uzuri wake ni kwamba mikanda haipimwi urefu. Inashonwa, inakatwa inapoisha karo, inaendelea.

Hata hapa upana unaamua muda. Kwa kitovu kilichokatwa sentimetre 6, mikanda ya sentimetre 4 inaomba mizunguko minne, yaani mishono 16, ili bloki ifike 20. Mikanda ya sentimetre 6 inaomba mizunguko miwili tu, mishono 8, na bloki ni ile ile ya 20. Mkanda wa 4 unaficha nusu ya upana wake, wa 6 unaficha theluthi moja. Mikanda iliyo chini ya 4 afadhali iachwe kwa fungu la nne.

Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wamama weusi waliotoka katika vizazi vya watumwa walishona kwa miaka mingi blanketi za namna hii kwa masazo na nguo za shamba zilizochakaa. Walizishona ju ya baridi ya nyumba zao. Mwaka 2002 blanketi hizo zilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya makumbusho, Houston kisha New York.

Mabaki yasiyo na umbo: kushonea ju ya kitambaa cha chini

Fungu la nne linashonewa ju ya kitambaa kingine: shuka ya zamani, iliyokatwa karo za sentimetre 24. Kipande cha kwanza kinawekwa katikati, uso ju. Cha pili kinalala ju yake, uso kwa uso, kinashonwa ukingoni, kinafunuliwa na kupigwa pasi. Kazi inaendelea mpaka shuka yote ifunikwe. Mwishoni karo inageuzwa na kupunguzwa mpaka 22.

Njia hii inakula uzi na pasi kuliko zingine, na blanketi inakuwa nzito. Lakini haiombi kupima, mtu anayejifunza anaweza kuifanya, na uzito ule ni faida kwa baridi ya usiku huko Lubero ao Butembo.

Pasi iko na upande wake

Mishono ilazwe kuelekea rangi nzito, ili isionekane chini ya rangi nyepesi. Kwenye bloki ya karo tisa, desturi hiyo inaleta faida nyingine. Mistari ya nzito, nyepesi, nzito inalala inje. Mstari wa katikati unalala ndani. Ikikutana, mishono inashikana kama meno, na pembe zinaangukiana sawa bila pini nyingi.

Pasi ya makaa inatosha, lakini ipanguswe majivu kwanza. Na mshonaji apige pasi kwa kukandamiza, si kwa kuvuta kitambaa.

Kabla ya kusema bei

Njia zote hizi zinafanyika na mashini ya miguu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Pale wamama wanafanya kwa kikundi, kazi inagawanyika vizuri: mmoja anakata, mmoja anashona mfululizo, mmoja anapiga pasi. Anayekata awe mmoja tu kwa blanketi moja, juu mikono miwili inaleta vipimo viwili.

Mshonaji anayetaka kuuza aanze na bloki moja ya mfano. Aangalie saa wakati wa kukata na saa wakati wa kumaliza. Azidishe muda ule kwa hesabu ya bloki, aongeze muda wa kuunganisha, wa kuweka kitambaa cha ndani na cha chini, na wa pindo. Kwa bloki ya mikanda, ambayo haishonwi moja peke yake, apime muda wa mafungu matatu na kuugawa kwa 9.

Hapo atajua blanketi inamla saa ngapi, na atajua kama njia aliyochagua inafaa rundo lake ao inafaa kubadilishwa. Mteja akisema kwamba masazo ni ya bure, mshonaji atakuwa na jibu: bei iliyotajwa ni ya masaa ya kazi, na masaa hayo amekwisha kuyahesabu.